Tatu ya Saizi ya Kumi na Moja

Inspekta alivuta kiti cha muuguzi, akakaa pale pale alipokuwa amekaa Sista siku ya tukio.

"Dirisha lilikuwaje?" aliuliza.

"Wazi. Asubuhi jua linapiga moja kwa moja kwenye skrini."

"Lifungue."

Sista alilifungua. Hakuvaa sare. Alikuwa amesimamishwa kazi, na ilibidi Inspekta amsainie getini ndipo aruhusiwe kuingia wodi aliyoifanyia kazi miaka tisa. Kesi yake ilikuwa fupi. Mgonjwa wa kitanda cha nne aliandikiwa mililita tatu za dawa. Sista alimpa nane. Hii ilikuwa siku ya sita mgonjwa yuko mahututi. Saa nane mchana kamati ya hospitali ingekaa, na ikiamua kwamba ni uzembe, Sista angenyang'anywa leseni na jalada lake lingekwenda mahakamani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu asubuhi.

"Uliona nini?" Inspekta aliuliza.

"Nane."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa nao. Sasa wamenionyesha ile karatasi mara nyingi mpaka najitilia shaka."

Karatasi aliyoisema ilikuwa mikononi mwa fundi wa kompyuta wa hospitali, aliyesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa shahidi. Aliinyoosha mbele.

"Rekodi inasema tatu, afande. Nimeichapisha mara tano. Tatu, tatu, tatu. Nimeikuza kwenye kompyuta ya ofisini kwangu. Tatu."

"Sitaki ya ofisini kwako. Nifungulie hapa, kwenye skrini hii, kwa ukubwa ule ule aliouona yeye."

Fundi aliinama, akabonyeza. Orodha ya dawa ikatokea, herufi ndogo, nyeusi, zimebanana. Inspekta aliisoma mstari wa kitanda cha nne. Akaisoma tena huku amekunja jicho moja. Kisha akatoa lenzi kwenye mkoba, kutoka chini ya pakiti ya biskuti na soksi moja ya mtoto, akaisogeza kwenye kioo.

"Njoo uangalie."

Fundi aliangalia. Akasogea karibu, akaangalia tena.

"Mbona kama nane," alisema.

"Siyo kama. Hesabu nukta upande wa kushoto."

Tatu huwa wazi upande wa kushoto. Hii ilikuwa na nukta mbili nyeusi pale, moja juu, moja chini, zimeziba kama milango. Ukichanganya na jua la asubuhi, hakuna macho yangesoma tatu.

"Kwa nini kwenye karatasi ni tatu?"

"Printa ina nukta chungu nzima, umbo linatoka lenyewe," alisema fundi. "Skrini hizi ni za zamani. Herufi ndogo inapewa nukta kumi na moja kwenda juu, basi. Hapo aliyetengeneza fonti, yaani maumbo ya herufi, lazima aandike maelekezo kwa mkono: saizi hii washa nukta hii, zima ile. Kila saizi na maelekezo yake. Asipofanya hivyo unapata matope."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuharibu saizi moja tu, nyingine zote zikabaki nzima."

"Anayeijua kazi, ndiyo."

"Wewe unaijua?"

"Mimi?" Alicheka kwa pua. "Mimi ni wa kufuta vumbi, afande. Miaka kumi na moja nazihudumia mashine hizi. Nilisema tutumie fonti zilizomo kwenye kompyuta. Wakaniona sina maana, wakaagiza kwa mafundi wa nje. Siku ya kuzindua, mama mmoja alipigiwa makofi ukumbi mzima kwa ajili ya herufi. Herufi! Mimi niliyepanda ngazi kuziweka wodi baada ya wodi sikupewa hata maji."

"Imekuuma."

"Ingekuuma na wewe."

"Faili ilikaa kwako siku ngapi kabla hujaiweka?"

Fundi alielewa swali lilikokuwa linakwenda. Uso ukambadilika. "Nusu saa. Ilikuja kwa barua pepe Alhamisi, wiki tatu zilizopita. Bado ninayo kama ilivyokuja. Chukua."

"Nitaichukua. Na wodi ngapi zinatumia fonti hii sasa hivi?"

"Zote."

"Pita kila wodi. Kila dozi isomwe kwenye karatasi mpaka nikuambie vinginevyo. Ukikutana na anayebisha, mpe namba yangu."

Fundi aliondoka mbio. Inspekta alimgeukia Sista.

"Nenda ukale kitu. Na saa nane usisaini karatasi yoyote mpaka nikupigie."

*

Mafundi wa fonti walikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitasa. Chumba kimoja, meza tatu, na skrini nyingi kuukuu zilizopangwa ukutani kwa makusudi. Mwenye ofisi aliitwa Mzee na kila mtu, hata na mpeleka barua. Alifanya kazi na binti yake wa kwanza, mwanamke wa miaka arobaini hivi, na mkwe wake, mke wa mwanawe anayefanya kazi nje ya nchi. Meza ya dirishani ilikuwa ya mkwe. Meza ya binti ilikuwa karibu na mlango wa choo. Juu ya meza ya dirishani kulikuwa na cheti cha shukrani cha hospitali ndani ya fremu, jina la mkwe limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

"Kuna malalamiko kuhusu fonti ya hospitali," Inspekta alisema. Hakusema zaidi. "Nataka kujua inavyotengenezwa, toka mwanzo mpaka inatoka mlangoni."

"Mama, mweleze mgeni," Mzee alimwambia mkwe. Halafu, bila kugeuka: "Wewe, leta kiti."

Binti alileta kiti.

Mkwe alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Fonti ilikuwa yake, amekaa nayo miezi minane. Alipanga nukta saizi kwa saizi, kuanzia tisa mpaka ishirini. Akimaliza, Mzee hukagua zote kwenye skrini mbovu kuliko zote, kwa lenzi.

"Nikipitisha, imepita," alisema Mzee. "Hapo hakuna anayegusa. Nakala niliyopitisha naiweka hapa." Alivuta uzi shingoni, flashi ikatokea kifuani mwake. "Naoga nayo."

"Hii ya hospitali uliipitisha lini?"

"Jumatatu. Alhamisi ikaenda."

Inspekta aliomba flashi, akaomba na faili iliyoko kwenye kompyuta ya mkwe, akampa Koplo aliyekuja naye vyote viwili pamoja na ile iliyotoka kwa fundi wa hospitali. Koplo alikuwa na diploma ya kompyuta aliyoitaja angalau mara moja kila siku. Alikwenda kukaa na laptopu kwenye ngazi.

Baada ya dakika kumi alimletea Inspekta karatasi iliyokunjwa. Aliisoma akiwa amesimama. Faili ya hospitali na ya kwenye kompyuta ya mkwe ni ile ile, haina tofauti hata moja. Fundi wa hospitali alikuwa safi. Ila faili hiyo haikufanana na ile iliyokuwa kifuani mwa Mzee. Baada ya Jumatatu ilihifadhiwa mara moja tu: Jumatano, saa saba na dakika ishirini mchana, kwenye kompyuta ya mkwe.

Chini Koplo alikuwa ameandika: *Bado natafuta kilichobadilishwa. Herufi ni nyingi.*

"Jumatano kabla haijapelekwa," alisema Inspekta, "saa saba mchana, nani alikuwa humu?"

"Mimi huwa nalala saa hiyo," alisema Mzee. "Nyumbani. Daktari kaniamuru."

Inspekta alimchukua mkwe kwanza, wakasimama kwenye korido nje ya mlango.

"Ulikuwa wapi?"

"Chini, nje, nazungumza na mume wangu kwenye simu. Saa saba ndiyo saa yake ya kupumzika huko aliko. Kila siku ananipigia."

"Kompyuta uliifunga?"

"Humu hatufungi. Baba hataki. Anasema kama hatuaminiani tuhame."

"Uliigusa ile faili baada ya Jumatatu?"

"Hapana. Kwa nini niiguse? Ilikuwa imepita." Alishusha sauti. "Afande, muulize na wifi yangu. Tangu nipewe ile kazi hanisalimii mpaka nimsalimie. Chai anapika ya watu wawili."

Binti alipoitwa alikuja na kikombe chake mkononi, akaegemea ukuta.

"Jumatano saa saba mchana."

"Nilikuwa mezani kwangu nakula."

"Uligusa kompyuta ya wifi yako?"

"Ya kule dirishani?" Alikunywa chai. "Ile meza ilikuwa yangu miaka kumi na miwili. Alipokuja akasema mwanga wa huku unamuumiza kichwa. Baba akasema tubadilishane. Sijawahi kurudi kukaa pale. Nina adabu zangu."

"Hujajibu."

"Sikugusa. Ile ni kompyuta yake na ni faili yake. Kama kuna kilichoharibika, mshikeni mwenyewe."

"Nani kasema kuna kilichoharibika?"

"Umesema malalamiko. Watu hawalalamikii kitu kizuri."

Lilikuwa jibu zuri. Inspekta alilikubali kwa kichwa. "Wewe sasa unafanya kazi gani?"

"Mizani."

"Mizani ipi?"

"Za bucha. Zile namba nyekundu. Wifi anapewa hospitali, mimi napewa kilo mbili na nusu za mifupa." Alitabasamu bila kufurahi. "Aliyenifundisha kazi ni baba. Aliyemfundisha yeye ni mimi. Uliza kama hilo limeandikwa kwenye kile cheti."

Saa sita na nusu Koplo alipanda ngazi mbili mbili. Safari hii hakuandika, alimnong'oneza Inspekta sikioni.

"Mambo mawili tu. Fonti nzima, saizi zote, ni mambo mawili tu yamebadilishwa. Tatu ya saizi ya kumi na moja. Hiyo tunaijua."

"Na lingine?"

"Herufi g. Saizi ile ile. Lakini afande, g haijaharibiwa. Imetengenezwa. Ya Jumatatu tumbo lake limejaa weusi, huwezi kujua kama ni g au ni doa. Ya Jumatano inasomeka vizuri kabisa."

Inspekta alimtazama Koplo, akatazama mlango wa ofisi. Mtu alikuja kuharibu, muda mchache, wenzake wako nje. Akaharibu alichokusudia. Halafu, badala ya kuondoka, akatoa dakika kadhaa kunyoosha kosa la mwenye kazi.

"Ziweke zote mbili kwenye skrini kubwa ya Mzee," alisema. "g tu. Tatu usiiguse."

*

Waliitwa wote watatu. Mzee aliketi, lenzi mkononi. Mkwe alisimama nyuma ya bega lake la kulia. Binti alibaki mezani kwake, mgongo kwao, akijifanya anafanya kazi.

"Hii ni ile uliyoipitisha Jumatatu," alisema Inspekta. "Na hii ni iliyokwenda hospitali."

Mzee alisogeza lenzi kwenye ya kwanza, akaguna. "Hii najua. Nilipitisha kwa shingo upande. g ya kumi na moja huwa inatushinda wote." Akahamia ya pili. Lenzi ikasimama. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Nani..." alisema, kisha akageukia kulia, uso umechangamka. "Mama. Umeiweza."

Mkwe aliangalia skrini. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kuiona g ile maishani mwake. Midomo ilifunguka kusema kitu, lakini mkono wa Mzee ulikuwa umeshamshika kiganja na kukipapasa.

"Miaka thelathini natafuta nafasi ya kupitisha mwanga hapo katikati," alisema Mzee. "Thelathini. Na wewe hukuniambia. Umekaa kimya tu."

"Asante, baba," alisema mkwe.

Kibodi ya kule kwenye meza ya karibu na choo ilinyamaza.

"Ulifanyaje?" Mzee aliuliza. "Nionyeshe."

"Nili... nilijaribu jaribu tu, baba. Mpaka ikakaa."

"Kujaribu hakukupi hii. Hii mtu ameifikiria. Una kipaji, mama. Nilimwambia mume wako siku ya kwanza, nikamwambia huyu ana mkono."

"Muulize tumbo ameshusha mistari mingapi," alisema binti. Hakugeuka.

"Wifi, tafadhali," alisema mkwe.

"Muulize. Swali dogo. Kama ni yake atajibu."

Mkwe aliitazama skrini kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Miwili."

"Mmoja." Binti alikuwa amesimama. Alivuka chumba, akachukua lenzi mkononi mwa baba yake, akagonga kioo kwa kidole. "Mmoja, halafu unazima nukta hii ya shingoni. Kila mtu anaiogopa hii nukta, anadhani akiizima herufi itakatika. Haikatiki. Jicho linaunganisha lenyewe. Ukishaizima, mwanga unapita hapa. Nilikwambia, baba. Nilikwambia mwaka juzi ukasema niache mambo, nimalizie mizani."

Mzee alikuwa anaangalia kidole cha binti yake kwenye kioo.

"Kwa hiyo g hii ni yako," alisema Inspekta.

"Ya nani mwingine? Ya huyu?"

"Uliitengeneza lini?"

Binti alihesabu siku kichwani. Hakukuwa na siku ya kutaja. Jumatatu g ilikuwa bado doa, baba yake alikuwa amekwisha kusema hivyo mbele ya watu. Alhamisi faili ilikuwa imeshaondoka. 

"Kati ya Jumatatu na Alhamisi faili hii ilihifadhiwa mara moja," alisema Inspekta. "Jumatano saa saba na dakika ishirini. Aliyenyoosha g ndiye aliyeziba tatu. Koplo, waonyeshe."

Koplo alibonyeza. Tatu ikatokea, na nukta zake mbili za kushoto.

Mzee hakuhitaji lenzi. "Hiyo ni nane," alisema.

"Muuguzi mmoja naye aliona hivyo. Akampa mgonjwa mililita nane badala ya tatu. Mgonjwa hajafumbua macho siku ya sita leo."

Mkwe alijishika mdomo na kurudi nyuma mpaka akagonga meza yake. Binti aliketi kwenye kiti cha karibu. Kilikuwa kiti cha mkwe.

"Nilidhani watairudisha," alisema. "Siku hiyo hiyo. Nilidhani mtu atawasha, ataona upuuzi, atapiga simu. Baba ataitazama, ataona alivyompa kazi mtu asiyeweza tatu. Siku nzima nilikaa karibu na simu. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Hakuna aliyepiga. Wakaleta cheti." Alikitazama cheti pale mezani. "Nikasema basi hawaoni. Watu wanasoma chochote unachowapa."

"Hukufikiria ukaseme mwenyewe?"

"Niseme nini? Nilikuwa nasubiri wamseme yeye."

"Na g?"

"Ilikuwa inaniudhi," alisema binti. "Nilikuwa pale, iko mbele yangu, mbaya vile. Sikuweza kuiacha."

Inspekta alitoka kwenye korido akapiga simu. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Mwenyekiti wa kamati alianza kumweleza kuhusu utaratibu. Inspekta alimwambia utaratibu ni kwamba kuna mtu amekamatwa, kwamba kikao hakina tena cha kujadili, na kwamba angependa hilo amwambie Sista yeye mwenyewe. Simu ikapewa Sista. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama anaweza kurudi kazini leo leo, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha nne huwa anageuzwa saa tisa, na wanaomgeuza hawajui kwamba bega lake la kushoto linamuuma.

"Nenda," alisema Inspekta. "Wakikuzuia nipigie."

Aliporudi ndani binti alikuwa amesimama mlangoni na Koplo, mkoba begani, kama anayekwenda sokoni. Mzee alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Baba," alisema binti. "Lakini ni nzuri, au siyo?"

Mzee aliangalia sakafu. "Ni nzuri," alisema.

Koplo akamchukua.

Ilibaki kazi moja. Nakala zote za ushahidi zilikuwa mkobani kwa Inspekta, lakini hospitalini kila wodi ilikuwa bado na ile tatu, na watu wangekwenda na karatasi mpaka lini. Alimwomba mkwe airekebishe pale pale, mbele yake.

Mkwe aliketi dirishani. Alifungua faili. Alizima nukta ya juu. Akazima ya chini. Tatu ikafunguka upande wa kushoto. Inspekta aliisoma kwa macho matupu, akafunga pazia, akafungua pazia, akaisoma tena.

"Sawa. Itume."

"Bado kidogo," alisema mkwe.

Alisogea kwenye g. Akapandisha tumbo mstari mmoja. Akawasha nukta ya shingoni. Mwanga wa katikati ukazibika, herufi ikarudi kuwa doa.

"Hiyo ilikuwa haina shida," alisema Inspekta.

"Najua."

"Mama," alisema Mzee nyuma yao, taratibu. "Ile ilikuwa inasomeka."

"Hospitali iliagiza fonti yangu, baba," alisema mkwe, akahifadhi.